Akiba Haiozi?

Katika mtoto wa meza yangu, chini ya bahasha za stakabadhi na miwani iliyovunjika mkono, kuna kisanduku cheusi kisichozidi ukubwa wa kitabu cha sala. Ni diski ngumu ya kompyuta, ya zile za kubeba mkononi. Ukiichomeka hutoa mlio mdogo, ti, ti, ti, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa, halafu hunyamaza. Nimeshauriwa mara nyingi niitupe. Sijaitupa, kwa sababu ndani yake mna sauti za watu kumi na mmoja ambao niliwaahidi kwamba maneno yao hayatapotea.

Ahadi hiyo niliitoa mwaka 1998. Wakati huo nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya sekondari mkoani Tanga, mahali palipozungukwa na mashamba ya mkonge, na katika vijiji vya jirani walikuwapo wazee waliofika huko ujanani wakiwa manamba. Msomaji kijana pengine hajalisikia neno hili. Manamba walikuwa vibarua walioandikishwa kwa mkataba kutoka mbali, Kigoma, Njombe, Rwanda, Burundi, Msumbiji, wakaletwa kukata mkonge enzi za ukoloni. Neno lenyewe latokana na namba: mtu alipoandikishwa alipewa namba yake, na kwa namba hiyo akahesabiwa na kulipwa. Kazi yake iliwekwa katika kadi iliyoitwa kipande. Siku aliyomaliza kazi aliyopangiwa ilitiwa alama. Siku ambayo hakuimaliza haikutiwa, na kipande kilihesabiwa kimekamilika zilipotimia siku 30 zenye alama, hata kama ilimchukua mtu miezi miwili kuzitimiza.

Jioni na siku za mapumziko niliwatembelea wazee hao, wanaume wanane na wanawake watatu, nikiwa na redio ya kaseti yenye kinasa sauti na kanda za dakika 90. Kila mmoja nilianza kwa kumwomba ataje jina lake, la baba yake na la babu yake, kwa kuwa niliona ni haki watu waliowahi kuwa namba waingie katika kanda kwa majina. Mzee mmoja aliyetoka upande wa Kigoma aliniuliza, “Mwalimu, haya maneno utayaweka wapi?” Nikamwonyesha kanda. Akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuzageuza, akaniuliza tena, “Na hii ikikatika?” Nikamjibu kwa kujiamini, kama wajibuvyo walimu: “Mzee, akiba haiozi.”

Akacheka, tukaendelea.

Mwaka 2006 kijana mmoja mjini alinihamishia sauti zote kwenye kompyuta, na mwaka 2011 nikazitia katika diski hii. Nilifurahi mno. Kanda zilizojaza sanduku zima zilikuwa zimegeuka kitu cha kutia mfukoni. Zile kanda zenyewe nikawagawia wapwa zangu, nao wakarekodia taarabu juu yake. Mwaka 2015, mwaka niliostaafu, diski ilianguka kutoka kwenye meza isiyozidi kimo cha kitanda. Fundi wa Dar es Salaam aliisikiliza kwa sikio kama daktari asikilizavyo kifua, akasema kichwa kimegusa sahani. Huenda sauti zikapatikana nje ya nchi, kwa fedha ambazo kwangu zilikuwa pensheni ya mwaka mzima. Siku hiyo, kati ya wale kumi na mmoja, aliyekuwa hai alikuwa mmoja tu.

Kwa muda nilijifariji kwa msemo wa ajali haina kinga. Lakini kila nilipofungua mtoto wa meza, swali lilinirudia: je, lile lilikuwa janga au lilikuwa kosa? Kama ni janga, sina deni. Kama ni kosa, basi ninadaiwa na maiti kumi na mtu mmoja aliye hai. Insha hii ni jaribio langu la kulijibu swali hilo, na nadhani si langu peke yangu. Leo kila mwenye simu ni mtunza kumbukumbu. Picha za arusi, sauti za marehemu, ujumbe wa mapatano na wa ugomvi, vyote tumevikabidhi kwa vyombo ambavyo wengi wetu hatujui vinafanyaje kazi, tukiamini kwamba akiba haiozi.

Basi tuanze na chombo chenyewe. Diski ngumu ya kwanza kuuzwa ilitangazwa na kampuni ya IBM mwaka 1956, ikiwa sehemu ya mashine iliyoitwa RAMAC. Aliyeongoza kazi hiyo huko San Jose, California, alikuwa Reynold Johnson, ambaye kabla ya hapo aliwahi kuwa mwalimu wa shule. Jambo hilo hunifurahisha kila nilikumbukapo. Mashine yake ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye kipenyo cha inchi 24, ikawa na uzito wa karibu tani moja, na kwa ukubwa wote huo ilihifadhi herufi milioni 5. Mwaka 2024 ziliingia sokoni diski za zaidi ya terabaiti 30 ambazo mtu aweza kuzishika kwa mkono mmoja. Hiyo ni kama mara milioni 6 ya mashine ya mwalimu Johnson.

Ndani ya diski mna sahani zinazozunguka kwa kasi, zimepakwa utando mwembamba wa sumaku wenye punje ndogo sana. Kila kundi dogo la punje huelekezwa upande huu au upande ule, na kwa maelekeo hayo mawili huandikwa kila kitu: hesabu, picha, sauti ya mzee wa Kigoma. Kichwa kinachosoma huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache, ilhali unene wa unywele mmoja wa mtu ni makumi ya maelfu ya nanomita. Ndiyo maana diski yangu haikuhitaji kuanguka kutoka ghorofani. Kimo cha kitanda kilitosha.

Jambo lililonishangaza zaidi nilipojifunza habari hizi ni lile linalowasumbua wahandisi wenyewe. Ili diski ibebe mengi, punje za sumaku sharti ziwe ndogo. Lakini zikipungua kupita kiasi, joto la kawaida tu, kama hili la chumbani, laweza kuzigeuza zielekee kwingine, na maandishi yakafutika bila mtu kuyagusa. Dawa waliyoipata ni kutumia sumaku ngumu isiyogeuka kirahisi. Lakini hiyo nayo hukataa hata kuandikwa, mpaka pale mahali padogo pa kuandikia papashwe moto kwa leza kwa kitambo kifupi mno, kisha papoe. Nazo flashi na kumbukumbu za simu, zilizotokana na uvumbuzi wa Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba katika miaka ya 1980, hazina sahani wala kichwa. Huhifadhi kwa kunasa chaji za umeme katika vijumba vidogo sana. Zinastahimili kuanguka. Lakini chaji hizo huvuja polepole, na flashi iliyofungiwa sandukuni miaka mingi bila kupata umeme huweza kusahau yenyewe, kimya kimya.

Kutokana na hayo nilipata fundisho la kwanza. Tumezoea kudhani kwamba kukumbuka ndiyo hali ya kawaida ya chombo, na kusahau ni hitilafu. Kumbe ni kinyume. Kusahau ndiyo desturi ya vitu vyote: karatasi huliwa na mchwa, wino hufifia, sumaku hugeuka, chaji huvuja. Kukumbuka ni kazi, na kazi sharti iwe na mfanyakazi. Siku niliyogawa zile kanda nilijiona nimeimaliza kazi. Hapo ndipo lilipo kosa langu, na lilitangulia ile siku ya diski kuanguka kwa miaka kadhaa.

Sikuwa peke yangu katika kosa hilo, na wenzangu ni wakubwa. Mwaka 2009 shirika la NASA la Marekani lilieleza kwamba kanda za asili zilizopokea picha na taarifa za safari ya Apollo 11, watu walipokanyaga mwezi kwa mara ya kwanza mwaka 1969, hazikupatikana, na kwamba yaelekea zilifutwa ili zitumike tena. Picha za matangazo ya televisheni zilibaki kwingine. Zile kanda zenyewe hazikubaki. Nilipoisoma habari hiyo niliwakumbuka wapwa zangu na taarabu zao.

Waingereza nao wana kitabu kiitwacho Domesday, cha mwaka 1086, kilichoorodhesha ardhi na mali za nchi yao kwa amri ya mfalme. Kilipotimiza miaka 900, mwaka 1986, BBC iliongoza kazi ya kutengeneza Domesday mpya kwa diski za leza, watu wengi wakiwemo wanafunzi wa shule wakaandika habari za mahali wanapoishi. Ilipofika mwaka 2002, wataalamu walikuwa wakihangaika kuziokoa diski hizo, kwa maana mashine za kuzisomea zilikuwa zimekaribia kutoweka. Sehemu kubwa iliokolewa kwa jasho lao. Lakini kile kitabu cha ngozi, chenye umri wa zaidi ya miaka 900, mtu ajuaye Kilatini chake hukifungua na kukisoma.

Na Septemba 2025, huko Daejeon, Korea Kusini, moto uliwaka katika kituo cha data cha serikali. Ulioteketea humo ni mfumo ambao watumishi wa umma walitumia kuhifadhi kazi zao, terabaiti 858, na haukuwa na nakala mahali pengine. Nchi hiyo ni miongoni mwa zile zinazoongoza dunia kwa kutengeneza vyombo hivi hivi vya kuhifadhia data.

Wa kwanza alifuta, wa pili alikaribia kukosa wa kusoma, wa tatu hakunakili. Hapana hata mmoja kati yao ambaye chombo chake kilikuwa duni. Kilichokosekana kila mara ni mtu wa kujiuliza kwa wakati wake: hiki kikiondoka leo, kesho kitabaki wapi?

Hapa baadhi ya wazee wenzangu hudakia na kusema: unaona, bora zamani, maneno yalikaa vichwani na vinywani. Hutoa mfano wa Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840. Mashairi yake mengi yaliendelea kuishi katika vinywa vya watu. Mwalimu Sikujua, naye wa Mombasa, aliyakusanya kwa waliokuwa wakiyakumbuka na kuyaandika, akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor; na mwaka 1940, miaka mia moja baada ya mshairi kuzikwa, William Hichens akayachapisha huko Johannesburg. Ni mfano mzuri, nami naupenda. Lakini tuuangalie vizuri. Kinywa peke yake hakikutosha, kwani lau asingetokea Mwalimu Sikujua kabla vinywa hivyo havijafumbwa, yangekwenda kaburini. Karatasi peke yake nayo haikutosha. Kilichoyaokoa ni mnyororo wa watu, kila mmoja akimpokea aliyemtangulia na kumkabidhi aliyemfuata. Na yale mashairi ambayo hapana aliyeyakariri hatuyajui, wala hatutajua yalikuwa mangapi.

Nami nina mfano wangu mwenyewe. Katika yote niliyosimuliwa na wale kumi na mmoja, kisa kimoja tu ndicho nilichonacho kizima, na ni kwa sababu nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. Ni cha yule mzee wa Kigoma. Siku moja alimaliza kukata mafungu yake yote, akayapanga, akamngoja mnyapara. Mnyapara akayahesabu, akakuta fungu moja lina majani pungufu, akakataa kumtilia alama siku nzima. Mzee aliondoka kambini jua likiwa limetua, kipande mkononi, nafasi ya siku ile ikiwa tupu. Baada ya zaidi ya miaka arobaini alikuwa bado na kipande kile, amekifungia katika mkebe wa majani ya chai. Alinionyesha ile nafasi tupu kwa kidole, akasema: “Siku hii ipo, mwalimu. Haimo humu, lakini ipo.”

Nimeyatafakari maneno hayo miaka mingi kuliko nilivyotafakari vitabu vingi nilivyosoma. Mzee alikuwa akisema kwamba kuandikwa na kuwapo ni mambo mawili. Kadi ya mwajiri ilisema hakufanya kazi. Mgongo wake ulijua kwamba alifanya. Huo ni ukweli wa kumfariji kila aliyesahauliwa. Lakini ni ukweli wenye hatari pia, maana mvivu kama mimi aweza kuutumia kama kisingizio: kama kilichokuwapo kipo hata kisipoandikwa, basi diski imeharibika, hasara iko wapi? Jibu la mzee mwenyewe liko katika vitendo vyake. Kama kuandikwa hakukuwa na maana, kwa nini alikitunza kile kipande miaka arobaini? Alikitunza kwa kuwa alitaka aje mtu wa kumwonyesha. Alinionyesha mimi.

Na hapa sina budi kukiri jambo. Katika kukisimulia kisa hiki mara nyingi, sikumbuki tena kama majani yaliyopungua yalikuwa mawili au matatu. Zamani nilikuwa nikitaja idadi kwa uhakika. Siku moja nilijisikia nikisema mawili, na mwaka uliotangulia nilisema matatu. Kanda ingenijibu. Jambo dogo? Si dogo kwa mtu aliyedhulumiwa siku kwa ajili ya majani hayo. Usahihi ni namna ya heshima. Kinywa hutunza uhai wa neno, lakini hulipindisha bila kujua. Chombo hakipindishi, ila hakijali. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wenzangu wanaotaka turudi kwenye vinywa vitupu, wala na vijana wanaoniambia, “Mzee, weka kwenye wingu, usahau.” Hilo neno la mwisho ndilo linalonitisha. Wingu lenyewe si jingine ila diski za mtu mwingine, katika jengo lililo mbali, linalofikiwa kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Na Mei 2024 nyaya mbili kati ya hizo zilipokatika, nchi kadhaa za Afrika Mashariki, yetu ikiwemo, ziliyumba kimawasiliano. Kuweka huko si vibaya. Kusahau baada ya kuweka ndiko kubaya.

Je, ina maana tuna wajibu wa kuhifadhi kila kitu? Vyombo vijavyo vitatushawishi tuamini hivyo. Watafiti wa Microsoft wameandika data ndani ya vioo kwa leza, na mwaka 2019 walionyesha kioo kidogo chenye filamu nzima ya Superman. Mwaka 2013 wanasayansi walioko Uingereza walieleza jinsi walivyoziandika soneti zote 154 za Shakespeare katika DNA iliyotengenezwa maabara, kisha wakazisoma tena bila kosa. DNA ikiwekwa mahali pa baridi na pakavu hudumu mno. Mwaka 2021 ilisomwa DNA kutoka meno ya mamothi, wanyama wa jamii ya tembo, yaliyokaa ardhini zaidi ya miaka milioni moja. Huenda basi siku moja akiba isioze kweli.

Lakini bibi mmoja kati ya wale watatu alinifundisha upande wa pili. Alipokuwa akisimulia maisha ya kambini alifika mahali akanyamaza, akaitazama redio yangu, akasema, “Hili usilitie.” Nikabonyeza kitufe, kanda ikasimama. Akanieleza jambo lililompata akiwa msichana, mikononi mwa mtu mwenye mamlaka juu yake. Alipomaliza akasema, “Haya, washa.” Jambo lile halimo katika diski, wala halimo katika insha hii, na nitakwenda nalo. Alihitaji lisikiwe, na alihitaji lisiwekwe. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Mei 2014 kwamba mtu, kwa masharti fulani, aweza kudai habari zake za kale ziondolewe katika matokeo ya kutafuta jina lake mtandaoni, na wanasheria wakabishana sana. Bibi yule alikuwa amelijua suala hilo kabla yao. Kutunza siri ya mtu mpaka ipotee nawe ni kutunza pia. Chombo kisichosahau hakiwezi kutunza namna hiyo.

Kuna na gharama. Vituo vya data vilitumia karibu asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia mwaka 2024, kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Nishati. Kila picha iliyopigwa mara kumi kwa uvivu wa kuchagua moja ina sehemu yake katika umeme huo. Lakini hasara kubwa zaidi haiko kwenye umeme. Anayewaachia wanawe picha elfu hamsini zisizo na majina hajawaachia kumbukumbu. Amewaachia kazi ambayo aliikwepa yeye. Wao hawatajua nani ni nani. Watafunga, nao wataweka.

Basi jibu langu ni hili. Hatuna wajibu wa kuhifadhi kila kitu, wala hatuwezi. Tuna wajibu wa kuchagua, na kuchagua kwetu ni mzigo ambao hatuwezi kuubandika mgongoni mwa mashine. Kwa kile tulichokichagua, hasa kama tulimwahidi mtu, tuna wajibu wa kukinakili mahali pengi na kukihamisha kila chombo kinapozeeka. Kisha tuna wajibu mkubwa kuliko yote: kumtafuta mtu wa kumkabidhi, aliye hai, atakayejua kilichomo ni nini na kwa nini kilitunzwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kweli, lakini na daftari bila msomaji ni karatasi. Na kwa kipimo hicho, lile lililonipata lilikuwa kosa. Ninadaiwa.

Mwaka 2017 nilisafiri kwenda kumwona yule mmoja aliyebaki. Alikuwa bibi wa watu, macho yamefifia lakini sauti bado. Nilimwamkia, nikakaa mkekani, nikamweleza yote: kanda, diski, meza, fundi. Nilitarajia masikitiko. Aliniuliza kama nimekuja na sukari. Nikasema nimekuja nayo. “Basi kaa nikusimulie tena,” akasema. Akawaita wajukuu waje kusikiliza, na nikagundua kwamba walikuwa hawajapata kuyasikia. Maneno yao marefu ya mwaka 1998 nilikuwa nimeyabeba kwenda mjini, na nyumbani hayakubaki. Alisimulia kwa ufupi kuliko ile mara ya kwanza, mengine aliyaruka, na moja alilolisema siku ile nina hakika hakulisema zamani. Mjukuu wake mmoja alirekodi kwa simu. Nilimsihi aweke nakala tatu mahali patatu, na azihamishe kila baada ya miaka michache. Aliitikia kwa adabu, kama vijana waitikiavyo wazee wasumbufu.

Bibi alifariki mwaka 2020. Miaka miwili baadaye simu yangu iliita. Alikuwa yule mjukuu. Alikuwa akiisikiliza ile sauti pamoja na mwanawe, na kuna neno halikuwaingia akilini. “Mwalimu, bibi anasema waliletwa Tanga na silabu. Silabu si ile ya kwenye sarufi? Walilletwaje na silabu?”

Nilicheka, kisha nikamweleza. Silabu ilikuwa ofisi iliyoanzishwa mwaka 1944 kuandikisha vibarua wa mashamba ya mkonge, ikaitwa hivyo kwa kufupisha jina lake la Kiingereza. Ndiyo iliyokuwa ikiwaleta watu kutoka kwao na kuwapa namba. Rekodi ilikuwa safi, kila herufi imesikika. Lakini bila mtu wa kulijua neno lile, bibi angebaki ameletwa na kipande cha neno mpaka mwisho wa dunia, hata kama tungemtia ndani ya kioo. Kijana akamweleza mwanawe, nami nikisikia kwenye simu. Mtoto akauliza tena, na namba ya bibi ilikuwa ngapi?

Sikuijua. Nikamwambia ninalolijua ni jina lake, la baba yake na la babu yake, kwa kuwa ndiyo maswali ya kwanza niliyomuuliza. Nikayataja polepole, naye akayaandika.